Tangu Lini Mtoto Huyu Yu Hivi?

Katika sura ya tisa ya Injili ya Mtakatifu Marko twasoma habari ya baba mmoja aliyempeleka mwanawe kwa wanafunzi wa Bwana wetu. Mtoto huyo alikuwa akianguka chini, akitoka povu na kusaga meno; tena mara nyingi balaa lile lilimtupa motoni na majini, hata ikawa kama linatafuta kumwangamiza. Wanafunzi walijaribu kumponya, wakashindwa. Na baada ya kushindwa wakaingia katika mabishano na waandishi, umati wa watu ukiwazunguka kusikiliza. Baba wa watu amesimama kando na msiba wake, na wenye elimu ya dini washindana kwa maneno.

Bwana Yezu alipofika aliamuru mtoto aletwe mbele yake. Mtoto akaanguka, akagaagaa mavumbini. Mtu angedhani kwamba Bwana angenyosha mkono mara moja. Sivyo. Alimgeukia kwanza yule baba, akamwuliza mwanawe amekuwa hivyo tangu lini.

Wapenzi wasomaji, twakiri kwamba sisi wahubiri huliruka swali hilo, twaharakia muujiza. Yeye ajuaye yote hakuwa na haja ya kuarifiwa. Lakini baba alipoulizwa alifunguka: akasema ni tangu utoto, akaeleza habari za moto na maji, akaomba huruma, na mwisho akatoa hata lile ambalo mtu huona haya kulitoa mbele ya umati, yaani kwamba imani yake ni haba nayo yahitaji msaada. Hakuna hata mmoja katika mkutano ule aliyekuwa amemwuliza neno kabla ya hapo.

Wiki hii twataka kusema na wazazi na waalimu juu ya jambo ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona: vijana wetu wanaobadilika tabia, na wale miongoni mwao wanaofikia hatua ya kutaka kujiondolea uhai.

Hali ni hii. Kijana wa miaka 14, aliyekuwa mpole, aanza kujibu kwa ukali. Shuleni apigana. Usiku haonekani nyumbani, mchana alala. Ada aliyopewa haikufika kwa mhasibu. Chakula akitupia macho tu, aondoka mezani. Nasi twamwuliza nini? Twamwuliza ni nani aliyemfundisha ujeuri huo. Twamwuliza kama ajua jinsi tulivyoihangaikia ada ile. Twamwuliza anataka kutuaibisha mbele ya nani. Maswali hayo yote yana alama ya kuuliza mwishoni, lakini si maswali. Ni viboko vilivyovaa nguo za maneno.

Hatusemi haya kama watu walio juu ya kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita, kabla hatujakabidhiwa kazi ya gazeti hili, tulitumwa kusaidia ulezi wa kiroho katika shule moja ya bweni. Palikuwapo kijana wa miaka 16, wa kidato cha pili, ambaye mwaka wake wa kwanza hakuwa na doa. Aliporudi kutoka likizo alikuwa mtu mwingine. Aliruka ua mara mbili, alivunja kioo cha dirisha la bwalo, alimtukana kiranja, alisinzia darasani hadi mwalimu wa zamu akachoka kumwamsha. Alichapwa. Aliandikiwa onyo. Mwishoni waalimu walikutana, wakakubaliana kumsimamisha masomo, nasi tukaitwa kutoa maoni. Tulisema kwamba samaki mmoja akioza wote huoza. Tukaona tumesema neno la hekima. Barua ikatiwa sahihi siku ile ile, akapakia sanduku lake, akapanda basi peke yake.

Nyumbani alipokelewa na mama mdogo, mwanamke ambaye hakuvuka darasa la saba. Huyu ndiye aliyeona. Katika siku tatu kijana aligawa vitu vyake: viatu alimpa mtoto wa jirani, redio ndogo akampa mdogo wake, daftari akasema hazina kazi tena. Mama mdogo alimkalisha kitako, akamwuliza waziwazi kama anawaza kufa. Kijana akalia mpaka shati likalowa. Mama yule alitandika mkeka wake mlangoni pa chumba cha kijana, akalala hapo usiku kucha, na alfajiri akampeleka hospitali ya wilaya kwa lori la mkaa.

Ndipo tulipopata kujua lile ambalo shule nzima hatukuuliza. Katika likizo ile baba yake alifariki. Kwenye matanga wajomba walimwambia kijana asilie, kwani sasa yeye ndiye mwanaume wa nyumba. Alirudi shuleni siku ya tano baada ya maziko, akiwa na amri hiyo kifuani. Karatasi zake zote za makosa tulizikuta zimejazwa vizuri, zenye tarehe na idadi ya viboko. Sababu haikuwa na nafasi katika karatasi zile.

Tulikwenda kumwomba radhi. Alitujibu kwa heshima kwamba Padre hakuwa na kosa, kwani yeye mwenyewe hakusema. Jibu hilo lingali linatuuma.

Sasa tuyatazame mambo kama wanavyoyafahamu waganga wa elimu ya akili. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua ulimwenguni, na kwamba kati ya walio na umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Karibu watatu katika kila wanne wa marehemu hao walikuwa watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Basi asemaye kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, na kwamba Mwafrika hajui mambo haya, asema asilolijua. Shirika hilo hilo lakadiria kwamba kijana mmoja katika kila saba, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, ana ugonjwa fulani wa akili. Hesabuni watoto wa Komunyo ya kwanza katika parokia yenu mkagawanye kwa saba.

Miongoni mwa maradhi hayo yako yanayojionyesha hasa katika mwenendo. Wako watoto wasioweza kutulia wala kukaza fikira, wakatendao kabla ya kuwaza. Si kwa kutotaka, bali kwa kutoweza. Wako wengine ambao kwa muda mrefu hudumu katika ugomvi, uwongo, wizi, uharibifu wa mali na utoro. Hapa yafaa tuseme mapema kwamba si kila mtoto mtundu ni mgonjwa. Kama ingekuwa hivyo, sote tuliopita seminari ndogo tungalilazwa. Daktari hupima kwa urefu wa muda, kwa kuenea kwa jambo lenyewe nyumbani na shuleni pia, na kwa madhara yaletwayo. Tena hupima kwa badiliko: mtoto aliyekuwa hivi, sasa yu vile. Na hapo ndipo lile swali la Bwana linapokuwa pia swali la kwanza la daktari.

Jambo moja wazazi wengi hawalijui, nasi hatukulijua. Huzuni ya kijana haifanani daima na huzuni ya mtu mzima. Mtu mzima aliyepatwa na sonona huinama, huzungumza kidogo, hulia. Kijana aliyepatwa na ugonjwa huo huo aweza kuwa mkali kama nyigu. Hasira yake yawa nguo ya majonzi yake, nasi twaipiga nguo. Kisha mambo huviringana: tendo baya laleta adhabu, adhabu yaleta aibu, aibu yamtenga na wenzake, na kutengwa kwamrudisha kwenye tendo baya. Kijana ambaye kwa maumbile hutenda kabla ya kuwaza, akiongezewa msiba, kipigo au pombe, njia iliyoko kati ya wazo la kufa na jaribio lenyewe yaweza kuwa fupi mno.

Fupi, lakini yaweza kukatwa. Nchi ya Sri Lanka, ambayo watu wake wengi ni wakulima kama sisi, iliteswa sana na vifo vya namna hii. Serikali yake ikapiga marufuku, moja baada ya nyingine, dawa za mashamba zenye sumu kali zaidi. Kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa kiasi cha asilimia 70. Umaskini haukuwa umekwisha, wala ugomvi wa nyumbani. Ila saa ile ya giza ilipomjia mtu, hakuikuta sumu ile karibu naye, na saa ikapita. Kwa maana saa ile hupita. Wengi waliookolewa wakati huo waliishi. Kwa hiyo twawasihi wakulima wa kahawa, wa pamba na wa mboga: dawa za shamba zisikae chini ya kitanda wala jikoni. Zifungiwe kwa kufuli, ufunguo awe nao mtu mzima mmoja. Hali kadhalika dawa za hospitali zilizobaki kabatini.

Wako watakaotuambia kwamba mtoto wa Injili alikuwa na pepo, na dawa ya pepo ni sala. Hatuidharau sala, Mungu apishe mbali. Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba walishindwa kwa kukosa kusali. Lakini Mtakatifu Matayo, akisimulia habari hiyo hiyo, atumia neno la Kigiriki la mtu aliyepigwa na mwezi, ambalo watu wa kale walilitumia kwa wenye kifafa. Na Kanisa lenyewe, kabla ya kuruhusu ibada kuu ya kupunga pepo, lataka kwanza hakika kwamba jambo lililopo si ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa ni kazi ya waganga. Mzazi anayemzungusha mtoto wake kutoka mkesha hadi mkesha, kutoka kwa mwombaji hadi kwa mpiga ramli, na hospitali haijui, huyo hajaisoma Injili mpaka mwisho. Aombe, na nauli ya kwenda hospitali aitafute.

Tena tusikie wenye kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, nasi hatuwafundishi watoto kwamba wizi ni ugonjwa usio na lawama. Mtoto mwenye homa akivunja sahani, sahani imevunjika, naye ataambiwa. Lakini hakuna mama amchapaye mtoto kwa ajili ya homa. Adhabu isiyotanguliwa na swali haijui ianguke wapi.

Basi ni nini cha kutazama? Mama mdogo yule alikwisha kutuonyesha: kijana agawaye vitu avipendavyo, aagaye watu bila safari. Ongezeni kijana asemaye kwamba yeye ni mzigo, au kwamba nyumba itapumua asipokuwapo. Aachaye ghafula marafiki, mpira, kwaya. Asiyelala au alalaye mchana na usiku. Aliyeanza pombe au bangi. Aliyefiwa, aliyefukuzwa, aliyeachwa na mchumba, aliyefeli mtihani. Na zaidi ya wote, yule aliyekwisha kujaribu mara moja. Huyo asiambiwe kwamba alikuwa akitafuta kuonewa huruma. Yeye ndiye aliye hatarini kupita wengine.

Mwiteni faraghani, wala si mbele ya kikao cha ukoo. Mwulizeni ameanza kujisikia hivyo tangu lini, kisha mnyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Sisi mapadre twaijua vibaya kuliko wengine. Mwulizeni kwa maneno ya wazi kama anawaza kujiua. Wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo, nao wasema kwamba kuuliza hakumsukumi mtu. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikiri, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali iliyo karibu, kwani huko ndiko watakakomwelekeza kwa waganga wa akili, walioko Muhimbili, Bugando, Mirembe na penginepo. Kwenda Mirembe si aibu kupita kwenda kutibiwa mguu. Katika nchi yetu namba ya simu 116 hupigwa bila malipo kwa ajili ya mtoto aliye katika shida, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Na ikiwa wewe kijana ndiye unayeusoma ukurasa huu, labda umeuokota pale baba alipouacha, nawe wajijua katika maneno haya: mtafute mtu mmoja leo, kabla ya jua kutua. Si lazima awe padre. Mama mdogo, mwalimu wa hesabu, mpishi wa shule, katekista, yeyote ambaye uso wake haukutishi. Sema naye hata kama maneno yatatoka yamepinda. Akishindwa kukusikia, mtafute wa pili. Wanafunzi wa Bwana walishindwa, lakini yule baba hakurudi nyumbani.

Lipo jambo lingine, nalo ni letu sisi watu wa Kanisa. Wasomaji wetu wazee wakumbuka maziko yasiyo na kengele. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikristo wale waliojiua kwa makusudi, na katika vijiji vingi watu hawakungoja kupima makusudi; walizika nje ya makaburi, usiku, bila wimbo. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena miongoni mwa wanaonyimwa. Na Katekisimu ya mwaka 1992, ikishika kama zamani kwamba uhai ni mali ya Mungu na kwamba kujiua ni kosa zito, yafundisha pia kwamba maradhi ya akili, hofu kuu na mateso hupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa marehemu hao, kwa kuwa Mungu azo njia azijuazo mwenyewe. Kanisa huwaombea. Hata hivyo twasikia bado kwamba pako mahali ambapo viongozi wa jumuiya hukataa kwenda kusali msibani, au hunong'ona mbele ya mama aliyefiwa. Tuwaulize: ni nani aliyewapa ufunguo wa hukumu? Kengele na ipigwe.

Sheria za serikali nazo zimekuwa na historia yake. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, tuliyoipokea kutoka utawala wa Kiingereza, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba chapingana na Katiba. Mabishano ya wanasheria hatuyaingii. Twasema tu kwamba familia nyingi zimeficha majaribio ya watoto wao kwa kuogopa polisi, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Kijana wetu alikaa hospitalini wiki tatu, akaendelea na dawa na mazungumzo kwa miezi mingi, na mambo hayakwenda sawasawa kila siku. Mara moja alizitupa dawa chooni, mama mdogo akarudi kulala mlangoni. Shule nyingine ilimpokea kidato cha pili tena. Tulipomtembelea mwaka uliofuata, mama mdogo alitusimulia siku aliyojua kwamba mtoto anarudi. Haikuwa siku ya kuruhusiwa hospitalini. Ilikuwa Jumamosi moja, kijana alipotoka asubuhi bila kuaga, naye akamfuata kwa mbali, moyo ukimdunda, mpaka nyumba ya jirani. Alimkuta uani, anamdai mwenzake viatu vyake. Yule mwenzake alikataa, akisema kilichotolewa hakirudi. Walibishana hapo kwa nusu saa, kwa sauti kubwa, na mama mdogo, badala ya kuwaamua, alikaa juu ya kinu akiwasikiliza.